Mzee Aliyeogeshwa Mara Mbili

Alipopandishwa cheo kuwa msimamizi wa wauguzi wa majumbani, mama mmoja mnene mwenye vicheko alipewa meza, simu na wauguzi sita wa kuwaongoza. Meza aliiona adhabu. Miaka yote alizunguka nyumba hadi nyumba, akibadilisha mashuka bila mgonjwa kuinuka, na hakuna aliyemfikia. Leo akae kwenye kiti apange zamu? Thubutu!

Basi akawa anajipa safari. Ati anakagua. Kila nyumba aliyoingia alikunja mikono ya gauni, akatandua kitanda kilichokwisha kutandikwa, akakitandika upya. Wauguzi walisimama pembeni wakitazamana. Yeye, masikini, alidhani anawasaidia.

Siku moja akaenda kwa dereva mstaafu wa treni, aliyepooza upande mmoja. Muuguzi wake, binti mpole ambaye wenzake walimpa jina la Kimya, alikuwa uani akianika taulo. Bosi hakuuliza. Alichota maji ya moto, akamvua mzee shati, akamsugua kuanzia kisogoni mpaka nyayoni.

"Mwanangu," mzee alisema alipopata pumzi, "nimetoka kuogeshwa sasa hivi. Kwani bado nanuka?"

Kimya alikuwa mlangoni, amesikia yote. Alicheka kidogo, lakini machozi yalimlengalenga. "Mama, mimi naacha kazi. Wagonjwa wangu wote wanakusubiri wewe. Nikiwagusa tu, wanauliza mkubwa anakuja lini."

Bosi aliacha kumpangusa mzee katikati, jambo ambalo mumewe asingeliamini. Binti huyu ndiye aliyekuwa tegemeo lake. Akiondoka, na wengine watamfuata. Aliona haya, haya ya kweli.

"Nipe mwezi mmoja, mwanangu," akasema. "Nikigusa hata foronya, nenda zako."

Mwezi huo ulimtoa jasho. Ndugu za wagonjwa walipiga simu wakimtaka yeye tu, naye akawajibu, "Kimya yupo. Hata mama yangu angeugua, ningemwita yeye." Nyumbani alikata kiu yake kwa kutandika kitanda asubuhi, mchana na jioni, mpaka mumewe akauliza ni nani anayeumwa.

Mwezi ulipokwisha alirudi kwa mzee pamoja na Kimya. Akaketi kwenye kigoda, mikono ameikalia. Kimya alifanya kazi taratibu, akampa mzee kitambaa ajipanguse uso mwenyewe. Mto ulikuwa umekaa upande. Bosi akauma midomo, akautazama ukuta.

Mara mzee akakohoa. Bila kufikiri, bosi akainuka kuchukua glasi ya maji.

"Kaa tu, mgeni," mzee akamwambia kwa upole. "Nina mtu wangu hapa."

Neno hilo lilimchoma. Kisha likamfurahisha mno, akacheka mpaka kigoda kikalia. Kimya alimnywesha mzee maji, halafu akamletea na mgeni glasi yake.