Majina Mawili Chooni kwa Bibi

Bibi yangu Tjitske alifunga jibini kiwandani miaka thelathini na mmoja, na hajawahi kuchelewa popote. Hata mahakamani, mjini Leeuwarden, tulifika kabla milango haijafunguliwa. Alitaka kumwona Jorrit akiingia.

Jorrit ndiye mume wa mama mdogo wangu, Anke, binti wa Bibi. Alimnyonga jikoni kwao baada ya kumkuta anafunga mabegi ili aondoke. Majaji watatu wakampa miaka kumi na minne. Bibi akapiga hesabu palepale: Fenna, mtoto wao, atakuwa na miaka ishirini.

Nje ya chumba cha kesi, Baukje, mama yake Jorrit, akamshika Bibi mkono wa koti.

"Tjitske, na mimi nimepoteza mtoto."

"Wako ana saa za kutembelewa," Bibi akasema. "Nenda, usichelewe."

Akabaki Fenna. Tangu msiba alilala kwa Bibi, kwenye kitanda cha Anke cha utotoni, lakini na Baukje alimtaka. Mahakama ikamtuma afisa wa ustawi wa watoto azikague nyumba zote mbili.

Tulisafisha siku mbili. Mimi nilifua mapazia, Bibi akaficha magazeti ya kesi. Akafanya mazoezi mbele yangu ya kutamka "baba yake Fenna".

"Umekunja uso, Bibi."

"Ndio uso wangu. Nimezaliwa nao."

Afisa alikuja saa nne asubuhi, mwezi wa Oktoba. Akapewa kahawa na biskuti moja, kopo la biskuti likafungwa, kama desturi ya huku. Akauliza kama mtoto ataachwa awajue watu wa upande wa baba yake.

"Humu ndani hatumfuti mtu," Bibi akajibu, taratibu, uso umetulia kabisa. Nilitaka kumpigia makofi.

Kisha afisa akaomba kwenda chooni.

Chooni kwa Bibi, kama kwa kila mtu huku kwetu, inaning'inia kalenda ya siku za kuzaliwa, kila jamaa na jina lake kwenye tarehe yake. Ukikaa tu, inakutazama usoni. Tulikuwa tumesugua sakafu chini yake bila kuinua macho. Tarehe kumi na nne Oktoba, jina la Baukje lilikuwa limekwaruzwa kwa kisu cha viazi. Ukifunua Machi, la Jorrit vilevile. Afisa alifunua.

Ripoti ilikuwa na kurasa kumi na moja. Ukurasa wa nane ulisema majina mawili yameondolewa kwa kitu chenye ncha. Mstari uliofuata: chooni kwa Baukje, jina la marehemu bado lipo, tarehe tisa Juni.

"Mvivu yule," Bibi alisema. "Hajawahi kufuta hata vumbi."

Fenna akahamia kwa Baukje. Sisi tunampata Jumamosi moja kila baada ya wiki mbili. Tulipokwenda kumchukua mara ya kwanza, Bibi aliomba choo, akakaa humo mpaka Fenna akagonga.

"Bibi, umelala?"

Alitoka, akamshukuru Baukje kwa kahawa ambayo hakuinywa.

Mwaka ujao mahakama itaangalia upya uamuzi wake. Kwa hiyo tuliporudi nyumbani Bibi alichukua kalamu, akafunua Oktoba, akaanza: B, a, u. Karatasi ilikuwa imebaki nyembamba mno. Kalamu ikatoboa, wino ukatokea Novemba, juu ya jina langu.