Meli ya Minara Kwenye Kikao cha Familia

Mie sijawahi kupanda chombo chochote cha majini zaidi ya pantoni ya Kigamboni, na hata humo nilishikilia nguzo mpaka ng'ambo. Lakini ukiniuliza habari za meli za vita za chuma za karne ya kumi na tisa, zile zenye minara inayozunguka na mizinga ndani yake, tafuta kiti ukae kabisa. Nyumbani kwetu Mwananyamala wanasemaga hayo ni maradhi. Mwanamke mzima, mtunza maabara wa shule ya sekondari, hana mume, na kila Jumamosi yuko uani anaunganisha mabati kwa lehemu. Waseme tu, mdomo ni wao.

Ilianza na kitabu cha mtumba kisicho na jalada, nilichokikuta kimechanganyika na vitabu vya kemia vilivyoletwa shuleni. Kilijaa michoro ya meli zilizokatwa katikati ili uone tumboni. Nilikaa nacho mwaka mzima, kamusi mkononi. Zamani meli ya vita ilipanga mizinga ubavuni, mingi, na ukitaka kumpiga adui ilibidi ugeuze meli nzima. Wakaja watu wakasema hapana. Weka mizinga miwili tu, minne ikizidi, lakini iwe mikubwa kupita kiasi, na uitie ndani ya mnara wa duara wa chuma kinene kilichokazwa juu ya mbao za mtiki. Mnara ukae juu ya magurudumu madogo yanayotembea kwenye reli ya duara, uzungushwe kwa mikono au kwa mvuke. Meli inaendelea na safari yake, mzinga unageuka wenyewe kumtafuta mtu. Niliposoma hapo nilifunga kitabu nikatoka kutembea uani. Nilijisikia raha ambayo sikuwa na wa kumweleza.

Shida ni uzito. Mnara ule ni mzito balaa, na uko juu. Kwa hiyo sitaha ikashushwa karibu na maji, ili uzito usipande sana na adui asipate pa kulenga. Meli ya namna hiyo ilifaa iende kwa mvuke peke yake, lakini wakubwa wengi wa wanamaji hawakutaka kusikia meli isiyo na milingoti na matanga. Kule Uingereza kulikuwa na ofisa mmoja, mbunifu wa minara, kichwa hasa, aliyelalamika magazetini mpaka akaruhusiwa kujenga ya kwake: minara miwili, sitaha ya chini, halafu juu yake milingoti mitatu mirefu na matanga kamili. Mkuu wa wachora ramani za meli alionya. Wakamwona ana wivu. Na katika kujenga, kila kitu kikazidi kidogo, hapa ubao, pale chuma, mpaka meli ikakaa chini kuliko ilivyochorwa.

Hayo ndiyo yaliyonifanya nikatae kutia saini.

Nyumba yetu aliijenga marehemu baba alipokuwa karani, kidogo kidogo, kwa tofali za kusimamisha, zile kuta nyembamba ambazo mtu hujenga akiwa na haraka ya kutoka kwenye nyumba ya kupanga. Msingi wake nilishuhudia ukichimbwa nikiwa mtoto, ulinifika magotini. Mvua za masika zikianza, maji hutuama nyuma ya choo wiki nzima. Anaishi humo mama yangu, na mie naishi naye. Kaka yangu mkubwa, ambaye kazi yake ni nzuri na nyumba yake ni mpya huko Mbweni, akapata wazo la kupandisha ghorofa juu yake ili tupangishe. Fundi wake alipigapiga ukuta kwa kiganja akasema unabeba. Ramani ikachorwa, na tangi kubwa la maji juu kabisa. Fomu ya kuombea kibali ilitaka saini tatu, za warithi wote. Mama alisaini siku hiyohiyo, kwa sababu mwanawe wa kiume alisema. Kaka akasaini. Mie nikasema sisaini.

Nilisema hivyo miezi miwili. Nilipigiwa simu na mashangazi nisiowasikiaga hata Krismasi. Niliambiwa sina maendeleo, nina roho mbaya, naogopa wapangaji watanizidi. Niliomba aletwe mhandisi apime udongo na kuta, kaka akasema huko ni kupoteza muda, fundi ameshaona. Mwishowe baba mdogo akaitisha kikao, Jumapili baada ya ibada, sebuleni kwa mama. Tulikuwa watano: yeye baba mdogo kama mwenyekiti, mama, kaka, fundi, na mie mkosaji. Akafungua kwa sala ndefu, akaomba Mungu alainishe mioyo migumu. Nilijua ni upi.

"Mdogo wangu," kaka akaanza, "hebu tueleze wewe, unachokiogopa ni nini hasa?"

Nikaingia ndani nikatoka na beseni la maji na meli yangu. Nilikuwa nimeiunda kwa makusudi, ni ile ile ya yule ofisa: tumbo la bati la debe la mafuta ya kupikia, minara miwili ya makopo ya nyanya, mizinga ya vipande vya antena ya redio, milingoti ya vijiti vya mishikaki na matanga ya kitambaa. Mama akafunika uso kwa kanga. Baba mdogo akauliza kama hicho kitu kiko kwenye ajenda. Nikasema kipo, kwenye mengineyo.

Nikaeleza kisa chote, mnara, uzito, sitaha, milingoti. Nikasema sasa tazameni itakavyopinduka. Nikaiweka majini.

Haikupinduka. Ilisimama wima, imetulia, imependeza na matanga yake. Kule uani nilikuwa naijaribia kwenye pipa, penye upepo, na kila mara ilipinduka. Sebuleni kwa mama madirisha yalikuwa yamefungwa kwa sababu ya vumbi. Sikuwa nimefikiria hilo hata kidogo, mtu wa maabara mimi.

Kaka alicheka mpaka akajishika mbavu. Fundi naye akacheka, kwa adabu. "Umeona mwenyewe," kaka akasema. "Imebeba."

Damu ilinipanda kichwani. Nikamwambia, ndiyo, imebeba. Na ile ya kweli ilibeba vilevile. Ilijaribiwa baharini ikafaulu, wakubwa wakaisifu, wale walioonya wakachekwa kama ninavyochekwa hapa. Halafu ukaja upepo ambao meli nyingine zilizokuwa pamoja nayo ziliuvumilia. Nikaweka kidole kwenye mlingoti nikausukuma kidogo. Meli ikainama, ikarudi. Nikausukuma tena. Ikarudi. Mara ya tatu nikasukuma mpaka ukingo wa sitaha ukagusa maji, hapo sikuhitaji kusukuma tena. Iligeuka tumbo juu, minara ikazama kwanza. Maji yakaruka mpaka kwenye viatu vya fundi.

Hakuna aliyecheka hapo. Baba mdogo aliinama kuitazama.

"Nyumba siyo meli," kaka akasema.

"Siyo," nikamjibu. "Kwa hiyo mie sijui kama itaanguka. Na wewe hujui. Fundi hajui, amepiga ukuta kwa kiganja. Tofauti ni kwamba mie nimesema sijui."

"Unanivunjia heshima mbele za watu."

"Shikamoo yako iko palepale, kaka. Ila ngoja nimalizie. Yule ofisa aliyeibuni meli hakubaki nyumbani kwake kusubiri habari. Alipanda. Alikula humo, alilala humo, na ilipopinduka alikuwa humo, akafa pamoja na karibu wote aliokuwa nao. Alikosea, lakini alikuwa anaiamini kweli. Sasa leta kalamu. Nasaini leo hii, kwa sharti moja. Ghorofa ikiisha na tangi likijazwa, masika yote watoto wako waje walale hapa chini, chumbani kwa mama."

Kaka alijibu haraka, kama mtu anayejibu jambo lililo wazi. "Watoto wangu hawawezi kulala chini ya..."

Fundi akaanza kufuta viatu vyake.

Mama aliyekuwa amejifunika muda wote alishusha kanga. "Malizia, baba," akamwambia. Ndivyo anavyomwitaga, kwa sababu ana jina la babu yetu. "Hawawezi kulala chini ya nini?"

Kaka akatazama simu yake, ambayo haikuwa imeita.

"Mie ndiyo naweza," mama akasema. Hakuuliza. Alisema polepole, macho yako kwa mwanawe, na nilitamani ardhi inimeze, kwa sababu nilitaka kushinda lakini sikutaka mama yangu aambiwe hilo. Kisha akanyoosha mkono, akaichukua fomu mezani, akatafuta ilipo saini yake, na akachana kipande hicho tu, taratibu, akakikunja na kukitia kwenye pindo la kanga. Fomu yenyewe akamrudishia kaka.

Baba mdogo akafunga kikao kwa sala fupi sana.

Kaka hajakanyaga Mwananyamala tangu siku hiyo. Mama humpigia simu kila Jumapili, huongea na wajukuu, halafu hubaki na simu mapajani, na mie simsumbui. Mashangazi wanasema nimeigawa familia kwa makopo ya nyanya. Kaka anasema nilimwaibisha mbele ya fundi. Kweli, nilimwaibisha. Nampenda kaka yangu, na ikija ramani nyingine bila mhandisi, nitamwaibisha tena.