Ungo wa Mama Mkubwa

Mimi nina mdomo, najijua. Darasani nilikuwa nabishana na wasichana wangu wa kidato cha tano mpaka kengele inagongwa na hakuna anayeinuka. Mwaka ule tulikuwa na tamthilia moja ya kale, tanzia: askari anarudi kutoka vitani, anakutana na wachawi watatu njiani, wanamwambia atakuja kuwa mfalme, naye anakwenda kumuua mfalme aliyelala nyumbani kwake kama mgeni. Niliwauliza nani kamuua mfalme. Darasa zima likajibu: wachawi. Nikawaka. Niliwaambia wachawi wale hawakushika kisu, walisema neno tu, na neno likapata pa kulala ndani ya yule bwana. Msiwasingizie vibibi vya watu, niliwaambia, nao wakacheka.

Siku ya wazazi ilipokaribia tukaamua kuiigiza kwa Kiswahili. Mavazi ya mfalme tulishona kwa mapazia. Ya wachawi nilijitia ujuaji, nikapanda Uluguru kwa mama mkubwa, dada wa marehemu mama yangu, aliyenilea tangu sijaota meno yote. Aliishi peke yake juu kule, mwendo wa saa nzima kwa miguu kutoka pikipiki zinapoishia. Nikamwomba kaniki yake na ungo wake. Alinitania kwamba mjini tumekosa hata vyombo vya kupepetea, akanipa. Ungo ulikuwa umetoboka pembeni, naye ameushona kwa kamba ya bluu ya kiroba.

Laiti ningeishia hapo. Lakini niliwafundisha wale wasichana watatu walioigiza wachawi waseme kwa lafudhi ya mlimani, wakiyavuta maneno kama bibi zetu. Nilitaka watu wasisimke, na haki ya Mungu walisisimka. Ukumbi ulinyamaza, hata waliokuwa wanatafuna karanga waliacha. Nilisimama pembeni ya jukwaa nikijiona bingwa.

Mtu alirekodi kwa simu, na video ikafika kijijini kabla sijaurudisha ungo. Wiki hiyohiyo kijana wa jirani yake mama mkubwa aliteleza na pikipiki akitoka mjini, akaingia korongoni, akafa. Ilikuwa masika, njia yote tope. Lakini matangani simu ilizunguka mkono kwa mkono, na watu wakaiona ile kamba ya bluu. Nani asiyeujua ungo ule? Wakasema basi, mambo yako wazi, mwanawe mwenyewe kamtoa hadharani, tena mwalimu, mtu aliyesoma.

Niliposikia nikapanda siku ileile. Migomba yake yote ilikuwa imekatwa, mchana kweupe, na mikungu michanga imelala chini. Njia nzima niliwaamkia wazee shikamoo, hakuna aliyeitikia. Mama mkubwa nilimkuta jikoni anamenya mihogo, mlango kaufunga kwa ndani mpaka aliposikia sauti yangu. Aliniuliza kama nimekula.

Nikaenda kwa mwenyekiti wa kitongoji. Nikamweleza habari ya askari, ya mfalme, ya siku ya wazazi, jasho linanitoka. Alinisikiliza kwa adabu zote. Kisha akasema, "Mwalimu, nimekuelewa, ni maigizo. Sasa katika nyungo zote za dunia hii, kwa nini ulikuja kuchukua wa kwake?"

Jamani, mimi na mdomo wangu wote nikaishia kumuuliza nifanye nini. Akanishauri nimchukue mama yangu niondoke naye, maana usalama wake hawezi kuuahidi hata kwa juma moja.

Basi akaja kukaa kwangu mjini. Nyumba ilichangamka. Binti yangu alikuwa na mwaka na nusu, akamganda bibi yake kutwa, analishwa naye, anaogeshwa naye, analala mapajani pake. Mume wangu alisema tungemchukua zamani. Nikaanza kupata usingizi.

Wiki ya tatu mtoto akashikwa na homa. Zahanati wakasema malaria, wakatupa dawa. Siku ya pili homa ikapanda zaidi. Nikarudi kule alasiri, nikapewa dawa nyingine, nikarejea nyumbani mbio. Mama mkubwa alikuwa amekaa mkekani, kampakata mtoto, kamwinamia sikioni anamnong'oneza kwa Kiluguru. Ni maneno aliyonibembelezea mimi nilipokuwa mdogo. Nilijua, hata pale mlangoni nilijua. Lakini mwili ulinisisimka kama wa wale wazazi ukumbini, na kabla sijafikiri nilikuwa nimeshamnyakua mtoto kutoka mikononi mwake.

Hakupandisha sauti. "Taratibu," alisema, "utamshtua."

Homa ilishuka kwa dawa, ilivyo kawaida ya malaria. Mtoto alipoanza kula, mama mkubwa akafunga kanga zake asubuhi. Nilimpigia magoti, nikalia, nikamwambia nilichanganyikiwa, nikamwambia kule watamuua. Akaniinua, akanifuta uso kwa kiganja kama zamani.

"Najua, mwanangu. Ila bora nikaogopwe na watu baki."

Nilimsindikiza mpaka pikipiki zinapoishia. Hakutaka nipite hapo.

Sasa nampigia simu kila asubuhi kabla ya kuingia darasani, na ikiita mara nne moyo unaniruka. Mpaka leo anapokea. Ananiuliza habari za kazi, za mume, za mvua ya mjini. Mtoto hamuulizii kamwe. Mwanzoni nilidhani ni hasira, nikaumia. Kumbe anaogopa: siku mtoto akiugua tena, nisije nikakumbuka kwamba asubuhi ile alimtaja jina.