Nyumba Yenye Choo Ndani

Mwanangu, wacha nianze na ile ya aibu kabisa, ikishapita ndio tuongee kama watu. Kuna wakati nilikuwa nafika kwa nyumba yangu jioni, nyumba nimenunua mwenyewe, funguo iko kwa mfuko, halafu nabisha mlango. Nabisha na naita, "Mama Awuor, fungua!" Ndani hakuna mtu. Hata panya hakuna, maana panya hufuata chakula. Basi nangoja kidogo, nageuza uso kwa ukuta, najijibu kwa sauti ya mwanamke: "Naja, baba, ngoja nitoe sufuria kwa moto." Ndio natoa funguo polepole, nafungua, naingia.

Cheka tu, mbavu ni zako. Nilikuwa nafanya hivyo ili majirani wasijue kwamba mke wangu amekataa kuhamia. Na nilidhani nimewaweza, mpaka siku moja Mama Robi, mama Mkuria wa nyumba inayofuata, akanipata nimebeba maji. Akaniuliza kwa heshima zote:

"Baba Awuor, mama bado ana mafua?"

"Mafua gani?"

"Si ile sauti yake. Jana ilikuwa nzito kama ya fundi wa baiskeli."

Mimi ndiye fundi wa baiskeli. Nikainua mtungi wangu nikaenda.

Hiyo ilikuwa Migori, miaka ya tisini, wakati simu ilikuwa ya kibanda, na ukitaka kutuma maneno unampatia makanga wa matatu apeleke kwa mdomo. Nilikuwa natengeneza baiskeli karibu na steji. Shule niliingia sekondari mguu mmoja tu, karo ikakataa, na hata kama ingekubali, hesabu ilikuwa imekataa mapema. Mke wangu Atieno alikuwa anatoa samaki Homa Bay analeta Migori, mara ingine anafika nayo mpaka Isebania. Tulikuwa tumepanga chumba kimoja na yeye na mtoto wetu Awuor. Hicho chumba, mtu akitaka kugeuka kitandani lazima tuelewane kwanza.

Sasa utaniuliza, baba yako si alikuwa na shamba, nyumba ya kununua ni ya nini? Hapo sikiza vizuri, maana mambo yote yamesimama hapo. Kwetu Wajaluo, mama mkwe na mkwe wanaheshimiana kwa umbali. Mama ya bibi yako hawezi kulala kwa nyumba yako, hawezi kuona kitanda yako, na kutumia choo moja na wewe, hiyo hata usitaje. Kwa dala, ile boma mtu anaanzisha kwa ardhi ya baba yake, hawezi kuja kukaa. Na mama yake Atieno alikuwa amebaki peke yake upande wa Homa Bay. Miguu imevimba, macho yameanza kuchoka. Miaka ile tulizika watu wengi, na kwa watoto wake aliyebaki alikuwa Atieno tu.

Atieno ndiye alifikiria hii maneno mpaka mwisho. Alisema ploti ya kununua kwa mji si dala, wazee hawatasumbuka nayo sana. Tukipata moja iko na kijumba nyuma, choo yake nje, na kamlango kake, mama atakaa huko, sisi tukae huku, heshima ikae katikati. Aliniambia hivyo jioni nyingi. Mimi nilikuwa najibu "mm". Mwanangu, hiyo "mm" ya mwanaume uichunge. Ukiifungua hakuna kitu ndani.

Basi kukatokea karani mmoja amehamishwa kazi, anataka kuuza nyumba haraka kabla aende. Atieno alikuwa Homa Bay, mama amezidiwa kidogo. Nikaenda kuiona. Vyumba vitatu, simenti chini, mabati bado inang'aa. Halafu karani akafungua mlango mwembamba pale katikati ya nyumba, akasimama kando kama mtu anaonyesha bibi arusi. Choo. Ndani ya nyumba! Nyeupe, iko na mnyororo ya kuvuta. Nikavuta. Ikafanya "kaa".

"Maji imekatika wiki hii," karani akasema.

Nilivuta tena hata hivyo. Nikajiona mimi, mtoto wa kukimbia msalani na mvua, sasa natembea hatua kidogo na soksi. Kichwa ikafungwa hapo. Sikuangalia nyuma ya nyumba. Ile nyumba ilikuwa imejaza ploti mpaka ukuta wa jirani, huko nyuma hata shati huwezi kuanika bila kulikunja. Pesa ilikuwa yetu wote wawili, na usiniulize ya nani ilikuwa nyingi, samaki ilikuwa inatembea kuliko baiskeli. Nililipa. Nikasema moyoni itakuwa sapraizi.

Nikamtuma makanga: mwambie Atieno nimenunua nyumba, na usisahau kumwambia iko na choo ndani. Yule kijana hakusahau. Alifika steji ya Homa Bay, akina mama wote wamekaa na samaki zao, akapiga kelele kutoka mlangoni: "Atieno! Bwana yako amenunua nyumba! Ati choo iko ndani!" Akina mama wakapiga vigelegele. Atieno akauliza tu:

"Na nje?"

"Nje sijui, mama. Mimi nimetumwa na maneno ya ndani."

Jioni yule makanga akaniletea jibu. Alikuwa Mjaluo kama mimi, na alisema akiangalia magurudumu. "Omera, ndugu yangu, anauliza hivi: mama yake ataingia hiyo choo ya mkwe na miguu gani?" Halafu akaongeza yake, "Hapo hata mimi niliangalia miguu yangu."

Atieno alikuja mara moja kuiona. Alitembea chumba kwa chumba, leso mabegani, anapitisha mkono kwa ukuta. "Nyumba ni mzuri," akasema, na mimi nikaanza kupumua. Akafika mlango wa nyuma, akafungua. Ukuta ule hapo, unaugusa bila kunyoosha mkono. Aliuangalia huo ukuta muda mrefu kama mtu anayesoma.

"Baba Awuor, mama atalala wapi?"

"Tutaona."

"Tutaona wapi? Hapa kuna ukuta."

Hakunitukana. Angenitukana ningelala usingizi. Alimfunga Awuor mgongoni, akaniambia, "Sijakuacha. Niko kwa mama. Ukinitaka, mahali unajua." Akaenda.

Hapo ndio nikajua nyumba kubwa ni nini, mwanangu. Nilikuwa nakaa chumba hiki, halafu nahamia kile, halafu kile, kama mgeni anayepita kusalimia watu na hakuna watu. Ugali ya mtu mmoja ilinishinda kupika. Kila siku nilipika ya watu watatu, mkono ulikuwa umezoea, na kesho yake nakula ile ile imekuwa kama sabuni. Maji haikurudi kwa mfereji. Choo ya ndani nikawa nasafisha tu, kama kombe ya mpira, halafu naenda kuomba ile ya nje kwa Mama Robi. Wakati wa mvua mabati inapiga kelele mpaka unafurahi, unaona angalau kuna mtu anaongea.

Utasema, si ungeenda Homa Bay? Hata rafiki yangu Marwa, aliyekuwa anashona viatu hapo karibu na baiskeli zangu, aliniambia hivyo kila siku. Nikamjibu Atieno ndiye alitoka, yeye ndiye atarudi. Nilisema nikiwa nimeinua kidevu. Kidevu sio ngumu kuinua, hata mbuzi iko nayo.

Mwishowe nilienda. Nilimpata Atieno anaosha miguu ya mama yake nje, nikasimama mbali kwa heshima, nikamsalimia mama nikiangalia kando. Mama akanijibu vizuri sana, akauliza kama baiskeli zinaharibika. Nikasema zinaharibika, asante Mungu. Hapo akacheka. Hakutaja nyumba hata kidogo, na hiyo iliniuma kuliko angeitaja.

Atieno alikausha mikono akaniambia, "Twende nikuonyeshe kitu." Tukapanda juu kidogo kutoka ziwa, mpaka kwa ua wa miti. Ndani kulikuwa na nyumba ya udongo, imepakwa vizuri, na nyuma yake kijumba. Nguo za watoto wa watu zilikuwa zimeanikwa.

"Hii ndiyo nilikuwa nimepata," akasema. "Mwenyewe alikuwa ameniwekea. Nilikuwa nangoja uje tuione pamoja."

Akanyoosha kidole juu ya ua. "Pale mama. Ile choo yake. Pale angetokea asubuhi aote jua, na wewe ukitoka kwa mlango wako hamuonani." Alisema kama mtu anayeniagiza mahali pa kuweka viti. Mwanamke wa hapo akatoka, akauliza, "Mnatafuta nani?"

"Hatutafuti mtu, dada," Atieno akamjibu. "Tunapita tu."

Tukapita.

Nikarudi Migori kuuza. Mwanangu, kuuza nyumba yenye choo ndani na maji hakuna, ni kazi. Kila mtu anavuta ule mnyororo, inafanya "kaa", anaenda. Siku moja akaja kijana, ameoa juzi, akavuta, ikafanya "kaa", akavuta tena. Nikamjua. Alikuwa mimi.

"Bibi yako ameiona?" nikamuuliza.

"Hapana, mzee. Nataka kumshangaza."

Nilikuwa nataka hiyo pesa kama mtu wa kiu. Lakini nikamwambia sitauza mpaka alete mkewe. Alikasirika, akabamiza mlango akaenda. Baadaye akarudi naye. Yule msichana alizunguka, akauliza maswali yake yote, hata ya nyuma, akasema mama yake anakaa kwa kaka yake na ako sawa, wao wanataka tu pa kuanzia. Wakaichukua.

Nikaenda Homa Bay siku hiyo hiyo. Nilikuwa na maneno yamepangwa mdomoni: nimeuza, natafuta ya hapa, iko na kijumba, tukaione wote. Nilishuka steji. Wale akina mama wa samaki, ambao kila wakiniona walikuwa wananiuliza habari ya choo, waliniona wakainamisha vichwa. Hakuna aliyenitania. Nikajua kabla sijaambiwa. Mama alikuwa ameenda alfajiri.

Kwa matanga mkwe anakaa mahali pake, na mimi nilikaa pangu, na ile habari yangu nzuri imekaa na mimi, haina mahali pa kuwekwa. Nilimwambia Atieno baada ya watu kutawanyika. Nilisema, "Nimeuza ile nyumba." Akaniangalia na macho yaliyochoka, akasema, "Sawa, Baba Awuor." Basi.

Tulipanga tena kwa miaka, huko huko Homa Bay. Tulipopata ya kununua tulienda wote watatu, hata Awuor alikuwa ameshajua kusema hapana. Atieno alichagua moja yenye kijumba nyuma. Sikumuuliza cha nani. Mpaka leo hatujaweka mpangaji, na watu wameomba sana. Anakifagia, anafungua dirisha hewa iingie, anafunga. Mimi mlango wake sijavuka hata siku moja. Hakuna aliyenikataza, lakini pale ni pa mama mkwe.

Sasa wewe na mwenzako mnatafuta nyumba, na nimesikia unapenda kwenda kuangalia peke yako ukitoka kazini. Mwanangu, ukitaka kumshangaza mtu, mletee mandazi. Mahali atalala maisha yake yote, mpeleke aone na macho yake. Na mkisimama hapo, kabla hamjagusa simenti wala bati, muulizane: nani atakuja kukaa na sisi, atapitia mlango gani, na tutamweka wapi akiugua. Mwenzako akikwambia kitu jioni, mrudishie kwa maneno yako vile umesikia, ndio ajue imeingia. Na ukikosea, nenda siku hiyo hiyo ukaseme. Kuna watu hawatakungoja, na si kwa sababu wamekukasirikia.

Mungu akupatie nyumba ya kelele, watoto wanapigana, sufuria inaanguka, wageni wanakataa kwenda. Awaweke wazee wako mpaka uwashibishe. Na kila mnapoenda, awape njia inayotosha watu wawili kutembea bega kwa bega.

Yale matanga ya mama mkwe, Marwa alikuja kutoka Migori. Tulikaa kando na chai yetu, nikamlilia pale, nikamwambia, "Marwa, ile nyumba iliniacha peke yangu kabisa." Akamaliza chai yake, akaweka kikombe chini. Halafu akasema:

"Haikukuacha, ndugu yangu. Siku ile unaenda kuiona nilikuambia nifunge kazi twende wote. Ukaniambia hapana, nyumba ni maneno ya mtu na bibi yake. Halafu nikakuona unaenda peke yako."