Masaa Mawili ya Mama Ruth

Kwa miaka kumi na minane Elisaria wa mtaa wa Sakina, Arusha, alikuwa mkaguzi wa mabasi katika kampuni moja ya umma. Kazi yake ilikuwa kusimama getini na kuandika basi limetoka saa ngapi, limeingia saa ngapi. Dereva akitumia masaa sita kwenda na manane kurudi, barabara ile ile, basi kuna mahali alichepuka: ama kwa hawara, ama kwenye magunia ya magendo. Hakuwahi kukosea. Enzi ya ruksa, ya biashara huria, ilipoingia, kampuni ikauzwa, mabasi yakageuka mabanda ya kuku, na Elisaria akarudi nyumbani na jicho lisilo na kazi.

Jicho likamwangukia mkewe.

Aikande, Mama Ruth, alikuwa ameanza kuruka Dubai kufuata mashuka. Siku moja mumewe akaiokota tiketi iliyotumika. Kwenda: uwanja wa KIA saa kumi jioni, Dubai saa nne usiku. Kurudi: Dubai saa mbili asubuhi, KIA saa sita mchana. Akanyoosha uzi kwenye atlasi ya Ruth: kilomita elfu tatu na mia saba na ushee, kwenda na kurudi ni zile zile. Sasa iweje sita kwa manne? Zikiwa zimebaki siku nne mkewe asafiri tena, akaichomeka paspoti ya mkewe ndani ya soksi aliyovaa, akamwita Mzee Fanuel wa baraza la usharika.

“Masaa mawili yamekwenda wapi?” akauliza mbele ya mzee.

“Kwani ndege inasimama Mombo kama basi, nikale kuku?” Aikande akacheka. “Wale wametutangulia saa moja, Baba Ruth; kwenda inaongezeka, kurudi inapungua. Jua linawachomozea mapema.”

“Jua! Siku hizi hawara anaitwa jua?”

Mzee Fanuel, ambaye mji wa Himo hajawahi kuuvuka, akaamuru wapige simu. Kesho yake wakajipanga posta. Saa ya Elisaria ilisema saa tano kamili. Aikande akatoa namba ya wakala wake wa mizigo kule Dubai, Mtanzania.

“Mume wa Aikande hapa, Arusha. Hapo kwenu saa ngapi?”

“Shikamoo mzee. Saa sita kamili,” ikajibu sauti ya kiume, laini kama samli. “Mama Ruth hajambo? Mwambie mashuka yake nimemtengea.”

Elisaria akabwaga simu. “Saa sita,” akakiri.

“Kesi imekwisha,” akasema Mzee Fanuel. “Rudisha paspoti.”

“Ndiyo kwanza inaanza, mzee! Yule anamjua mke wangu hadi jina la mtoto!”

“Mimi niliitwa kwa kesi ya masaa. Ya mashuka utaita baraza lingine.”

Elisaria akainama, akavua kiatu palepale posta. Paspoti ikatoka ya moto, imejikunja. Aikande akaipokea kwa vidole viwili.

“Alhamisi naondoka,” akasema. “Na wewe katafute yako, Baba Ruth, safari ijayo twende wote.”

Akatoka zake. Elisaria akabaki na kiatu mkononi, akijiuliza huyu mwanamke ana sababu gani ya kutaka waende wote.