Mzee wangu alipewa kitabu cha chess cha wababe akiwa bado beginner, akauacha mchezo

Wakuu, heshima kwenu wote. Hii siitii chumvi, ni ya nyumbani kwetu.

Mzee wangu ni mkulima wa mpunga, Sanje. Alivunjika nyonga, akawa mtu wa kukaa barazani tu. Mimi naishi Kibaoni, kwa hiyo wikiendi nikawa naenda na board ya chess kumfundisha.

Aliupenda hatari. Akinila farasi anacheka mpaka mama anatoka jikoni kuangalia kuna nini.

Baba mdogo, yuko Morogoro, akasikia. Akamtumia kitabu cha openings, yaani namna za kuanza mechi, kinene kama Biblia, kimeandikwa kwa watu wa mashindano. Nia njema kabisa.

Mzee akakomaa nacho kama yuko form four. Anakariri moves tu. Nikicheza kitu ambacho kitabuni hakipo, anaganda. Kicheko kikaisha.

Jumapili moja baada ya misa akarudisha kete kwenye boksi.

"Mwanangu, huu ni mchezo wa wasomi. Umenipita."

Nilimbembeleza, wapi!

Ngoja niseme hapa kwa mnaonunua vitabu. Beginner mpe kitabu chembamba, michoro mingi, mafumbo ya checkmate ya move moja au mbili. Akiacha kugawa kete bure, aingie tactics (mitego ya kunasa kete), endgame (kumalizia mechi kete zikiwa chache), na mechi zilizoelezwa kwa maneno. Openings nzito ni za aliyeshaanza kushindana. Kabla hujanunua, fungua kitabu katikati, jaribu mafumbo machache. Yakikushinda yote, si chako bado.

Kile chembamba nilikuja kukipata baadaye sana. Nikakimbilia Sanje.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umeleta nini?"

Nikamwekea mkononi. Akakisogeza mpaka puani, akanirudishia. Presha ya macho ilishamaliza kazi, anaona ukungu tu.

Basi nikamsomea fumbo la kwanza. Mfalme mweusi yuko mstari wa nyuma kabisa, askari wake mwenyewe wamemziba mbele, ngome yetu ina njia iliyo wazi...

"Ngome ishuke mpaka mwisho. Kafa huyo."

Nikamsomea la pili. Akapata.

Akasema taratibu, "Kumbe nilikuwa naweza."

Nikamfungulia la tatu.

Kitabu mpe mtu kwa pale alipo, sio pale unapotamani afike.

Kuna anayejua namna ya kucheza chess na mtu asiyeona vizuri? Tiririkeni hapa chini, nasoma zote.