Tulivyohama na Nyumba Kwenda Kutazama Mbio za Magari

Enzi zetu nyumba ilikuwa mali ya mwanamke. Mume ana ngamia na ana maneno, lakini miti ya nyumba, mikeka na vibuyu vya maziwa ni vya mke, na siku ya kuhama mke ndiye anayebomoa, anayepakia, anayejua kila kamba inafungwa wapi. Ninyi wa rika langu mnanielewa. Wasichana wa siku hizi wanahamishwa na lori, wao wamekaa mbele na dereva wanajipiga picha.

Nasema haya muelewe yaliyotokea mwaka ule mume wangu Abdullahi aliponunua nyumba yenye magurudumu.

Ilikuwa miaka ya tisini, watoto wangu wakiwa wadogo na kambi za wakimbizi zikiwa bado mpya. Mgeni mmoja aliyefanya kazi kambi ya Dagahaley alikuwa anarudi kwao, akauza gari lake, kombi kuukuu la rangi ya chai ya maziwa. Viti vya nyuma vilikuwa vimeng'olewa, vikawekwa vitanda viwili, kabati, jiko dogo la gesi na mapazia ya maua. Mtaa wetu wote pale Garissa ulikuja kuchungulia. Halima wa duka la vitambaa alijilaza kitandani na viatu vyake. Jirani yetu Ebla akauliza choo kiko wapi.

Abdullahi alilinunua kwa ajili ya Sahra, binti yetu wa miaka kumi. Mtoto yule na baba yake walikuwa na ugonjwa mmoja: mbio za magari. Msimu ukifika wanaanika betri za redio juani zipate nguvu, kisha wanakaa vichwa vimegusana, wanasikiliza nani kapinduka, nani kakwama topeni. Wala hakuna kati yao aliyewahi kuliona gari la mashindano kwa macho. Abdullahi aliahidi mwaka wa kwanza, mvua ikakata barabara. Akaahidi wa pili, ngamia wakaugua. Mwaka wa tatu tukasikia magari yatapita upande wa Mwingi. Akamwambia, "Sahra, safari hii hata nikiugua utanibeba mgongoni."

Sasa mama mkwe wangu, Dahabo, aliposikia tunasafiri na nyumba, akasema nyumba haihami bila wanawake. Aliingia, akagonga kabati, akanusa jiko la gesi, akatema mate nje. "Abdullahi," akamwambia mwanawe, "wewe shika usukani. Nyumba tuachie wenyewe."

Basi tukalipakia kama ngamia. Mikeka juu, miti ya nyumba juu ya mikeka, maana Dahabo alisema chuma nacho huchoka. Vibuyu vinne tukavining'iniza kwenye fimbo za mapazia. Adey, mbuzi wetu mweupe wa maziwa, akapewa nafasi katikati ya vitanda. Darajani, tukitoka Garissa, polisi alipomaliza kukagua vipande vyetu, alimtazama Adey kwa muda mrefu.

"Na huyu, kitambulisho chake?"

"Huyu hajafika miaka kumi na minane," Dahabo akamjibu. Polisi alicheka mpaka akashika kofia.

Njia nzima gari lilichemka, likanywa maji kuliko sisi wote pamoja na mbuzi. Tulifika alasiri, tukapata mahali pazuri mno, kwenye kona, barabara iko mbele yetu kama uwanja. Abdullahi na Sahra wakachora mstari mchangani watakaposimama. Magari yangepita kesho yake saa nne.

Asubuhi Dahabo akamkama Adey. Na maziwa hayatiwi kwenye kibuyu kisichofukizwa, yataharibika, hilo kila mama wa kwetu analijua. Nje kulikuwa na upepo. Akaingia ndani na makaa yake, akafunga mlango, akafunga madirisha, akaanza kufukiza vibuyu vyote vinne kama yuko nyumbani kwake. Na kweli alikuwa nyumbani kwake.

Moshi ukaanza kutoka kila tundu. Msimamizi wa barabara, Mkamba mmoja aliyeitwa Mutua, akaja mbio na mtungi wa kuzimia moto. "Tokeni! Gari inaungua! Nyanya, toka!" Akavuta mlango, akafyatua. Unga mweupe ukajaa vitanda, kabati, mapazia. Dahabo akatoka mweupe kuanzia shungi mpaka miguuni, kibuyu mkononi, nyuma yake Adey anapiga chafya.

"Wewe kijana," akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni, "umeingia nyumba ya mwanamke bila salamu. Sasa utakunywa maziwa."

Mutua alikunywa. Hakuwa na njia. Kwanza akakunja uso, mdomo umejaa moshi, kisha akaomba tena. Lakini kazi ni kazi: gari lenye moto ndani haliruhusiwi karibu na watazamaji. Lipelekwe bondeni ng'ambo ya barabara, mwendo wa nusu saa kwa miguu, na barabara inafungwa sasa hivi. Atakayevuka harudi mpaka gari la mwisho lipite.

Aliyejua kuendesha alikuwa mmoja tu.

Sahra akamshika baba yake kanzu. "Aabo, nitakwenda nawe."

"Ukija nami tutakuwa wawili tusioona," Abdullahi akasema. "Kaa hapa. Tazama vizuri, uniletee."

Akaondoka na nyumba yetu, akaacha alama ya miguu yake kwenye ule mstari.

Wallahi, magari yale! Kwanza mlio kama nyuki ndani ya debe, kisha ardhi inatetemeka, kisha gari linakuja ubavu ubavu kama kaa, mawe yanaruka, vumbi linaingia mpaka kwenye meno. Dahabo alikuwa akipiga vigelegele kwa kila moja, hata la polisi. Sahra hakupiga kelele. Alisimama mstarini, midomo inacheza, anahifadhi.

Barabara ilipofunguliwa alikimbia mpaka bondeni. Nilipowafikia alikuwa juu ya bati la gari, anapinda kiuno, anatoa mlio kwa mdomo, na baba yake amekaa chini, kinywa wazi. "Rudia la buluu," alikuwa akimwambia. Alirudia la buluu mara sita.

Abdullahi, Mungu amrehemu, hakupata kamwe kuyaona magari yale. Lakini hadi uzee wake, kila mgeni akija, aliyasimulia: rangi, mlio, kona, mawe. Hata vumbi alilifuta usoni. Hakuna aliyemsahihisha, hata Sahra, aliyekuwa akimmiminia chai.

Juzi mtoto wa Sahra, Liban, alinionyesha mbio za magari kwenye simu. Yanapita safi, yanarudishwa nyuma kwa kidole. Nikamwambia zima, nisimulie kwa mdomo.

"Ayeeyo, si umeona mwenyewe?"

Nimeona, ndiyo. Babu yake hakuona hata gari moja, na alitusimulia miaka ishirini.